Fila ya pua imeziba mshipa: je, chemba ya oksijeni itamwokoa mdogo wangu?

Swali: Shikamoo daktari. Mdogo wangu ana miaka 26. Jumamosi alichomwa fila, yaani jeli ya kujaza, puani ili pua inyanyuke, kwa dada mmoja anayefanya sindano za urembo nyumbani kwake hapa Dar. Usiku uleule pua ilimuuma sana. Jumapili aliamka na mabaka ya kijivu yanayoelekea zambarau, kutoka ncha ya pua hadi katikati ya nyusi. Leo Jumanne vimetoka vipele vya usaha. Aliyemchoma anasema ni mzio, amempa krimu na antibayotiki. Rafiki yetu anashauri akalale kwenye chemba ya oksijeni, ile ya kuvuta oksijeni tupu kwa shinikizo, na kuna saluni yenye hema la oksijeni inayouza vikao kumi kwa bei ya punguzo. Je, inasaidia? Na kovu litabaki?

Jibu: Marahaba, na mpe pole mdogo wako. Maelezo nitayatoa, lakini kwanza la kufanya. Mpeleke hospitali leo, si kesho, mahali penye daktari wa ngozi au wa upasuaji wa plastiki. Kwa Dar, Muhimbili wapo wote wawili. Mkifika mapokezi msiseme ana vipele usoni, maana mtakaa kwenye foleni ya vipele. Semeni hivi: alichomwa fila puani Jumamosi, tunahofia mshipa wa damu umeziba na ngozi inakufa.

Kabla hujamaliza kusoma, muulize kuhusu macho. Kama ameona giza au ukungu ghafla, anaona vitu viwili, kope imeanguka, jicho linauma, kichwa kinamgonga vibaya, anatapika, au mkono na mguu wa upande mmoja umelegea, basi ni dharura ya dakika. Mishipa ya juu ya pua na ya katikati ya nyusi inaungana na ateri inayolisha jicho. Fila ikisukumwa kwa nguvu ndani ya mshipa mdogo wa pua inaweza kurudi nyuma dhidi ya mkondo wa damu, ikafika kwenye ateri ya jicho, kisha ikasukumwa mbele hadi retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Ndiyo maana pua na katikati ya nyusi ni miongoni mwa sehemu za uso zinazoogopwa zaidi na madaktari wanaofanya kazi hii. Retina ikikosa damu huanza kuharibika kabisa ndani ya takriban saa moja na nusu, na waliopoteza uwezo wa kuona kwa njia hii wachache sana wameupata tena.

Sasa kuhusu huo mzio. Sijamwona mgonjwa, lakini uliyoyaandika hayafanani na mzio. Mzio huwasha na kuvimbisha, na mara nyingi hauchagui njia. Mdogo wako hakuwashwa, aliumwa, na maumivu yalianza siku ileile. Mabaka yake yamefuata njia ya mshipa, kutoka ncha ya pua kupanda hadi kati ya nyusi. Na vipele vya usaha vinavyotokea siku ya tatu au ya nne juu ya baka lililobadilika rangi ni dalili inayojulikana ya ngozi iliyokosa damu. Watu wengi hudhani ni chunusi au malengelenge ya homa, wakavitumbua. Asivitumbue.

Kuna kipimo kidogo mnachoweza kukifanya hapo nyumbani. Bonyeza baka kwa kidole kwa sekunde tatu, achia, uhesabu. Fanya vivyo hivyo kwenye shavu lisilo na tatizo. Ngozi yenye damu ya kutosha hurudisha rangi yake ndani ya sekunde mbili hivi. Iliyozibiwa huchelewa, au hairudishi kabisa. Kwenye ngozi nyeusi weupe unaoelezwa vitabuni hauonekani vizuri, na hilo limewachelewesha wagonjwa wetu wengi. Kwetu huonekana kama majivu, au weusi wenye michirizi kama wavu. Washa taa ya simu kwa pembeni, linganisha pande mbili za pua, kisha gusa: sehemu iliyokosa damu mara nyingi huwa ya baridi kuliko jirani yake. Kipimo hiki kikionyesha damu inarudi vizuri, bado nendeni, kwa sababu mabaka na vipele vinatosha kuwa sababu.

Wakati mnajiandaa, mtu mmoja ampigie simu aliyemchoma na aombe kitu kimoja tu: kisanduku cha ile dawa. Siyo wakati wa kugombana naye, mnahitaji ashirikiane. Ndani ya visanduku vya fila za kweli huwa kuna stika zenye jina la bidhaa na namba ya toleo, zilizowekwa makusudi ili zibandikwe kwenye faili la mgonjwa. Pigeni picha kisanduku, stika na bomba la sindano lenyewe kama bado lipo, na mumuulize alitumia kiasi gani na alichoma wapi. Matibabu yote yanategemea jibu hilo, kwa sababu fila si kitu kimoja. Zinazotumika zaidi ni za asidi ya hayaluroniki, sukari ndefu inayofanana na ile iliyomo mwilini mwetu, na hizi zina dawa ya kuziyeyusha. Zipo nyingine za kalsiamu, za asidi ya polilaktiki, na wapo wanaochoma silikoni ya maji. Hizi haziyeyushwi na dawa hiyo. Kama jibu lake ni kwamba alinunua mtandaoni bila kisanduku, au alitumia kalamu isiyo na sindano ya kusukuma jeli kwa presha, mwelezeni daktari hivyo hivyo. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo dhidi ya kalamu hizo Oktoba 2021.

Dawa ya kuyeyusha inaitwa hayaluronidezi. Ni kimeng'enya kinachokata ile asidi vipande vipande hadi mwili uweze kuiondoa. Hiki, dada yangu, ndicho tiba. Chemba ya oksijeni ni msaidizi wake. Wengi hugeuza mpangilio huo: wanatumia siku mbili kutafuta chemba, huku jeli iliyoziba mshipa ikiwa bado imekaa palepale.

Daktari hukichoma kimeng'enya hicho kwa wingi kwenye eneo lote lenye mabaka, si pale tu sindano ilipoingia. Mwaka 2017 daktari Claudio DeLorenzi wa Kanada alieleza utaratibu ambao wengi wanaufuata sasa: takriban uniti 500 kwa kila eneo dogo kama vile mdomo au pua, inakandwa, wanasubiri saa moja, wanabonyeza ngozi na kuhesabu, na kama damu haijarudi wanarudia tena na tena. Kwa hiyo msishangae akichomwa mara kadhaa siku moja. Mkiambiwa famasia ya hospitali haina, ulizeni idara ya macho na chumba cha upasuaji, kwa sababu madaktari wa macho huchanganya hayaluronidezi na dawa ya ganzi wanapofanya upasuaji wa jicho. Kama amewahi kupata mzio mkali alipoumwa na nyuki, daktari aelezwe kabla, kwa kuwa sumu ya nyuki ina kimeng'enya cha jamii hiyo.

Utauliza kama Jumanne si kuchelewa. Ni kuchelewa, sitakudanganya. Katika majaribio yaliyofanywa kwenye masikio ya sungura, kimeng'enya kilichowekwa baada ya saa 4 kiliokoa ngozi, na kilichowekwa baada ya saa 24 hakikuleta tofauti kubwa. Lakini uso wa mtu una mishipa mingi ya pembeni kuliko sikio la sungura, na kuziba kwenyewe mara nyingi si kwa asilimia mia. Kando ya ngozi iliyokwisha kufa kuna pete ya ngozi inayopigania uhai, na hiyo ndiyo tunayoifuata siku ya tatu na ya nne. Mimi ningemwomba daktari akichome hata leo, kama fila ni ya hayaluroniki, au kama aina yake haijulikani.

Pamoja nacho hupewa asprini ili damu isigande juu ya jeli, isipokuwa kama ana vidonda vya tumbo au asprini humdhuru. Kitambaa cha uvuguvugu kinafaa. Barafu hapana, inabana mishipa. Kama anavuta sigara au shisha, aache leo.

Sasa tuje kwenye chemba. Rafiki yenu hakusema uongo, ila ameruka hatua. Damu yetu hubeba oksijeni kwa njia mbili. Karibu yote imeshikwa na himoglobini, ile protini nyekundu iliyomo kwenye chembe za damu, na kwa mtu mzima wa afya himoglobini imeshajaa karibu kabisa hata anapovuta hewa ya kawaida, hivyo kumwongezea oksijeni hakuibebeshi zaidi sana. Njia ya pili ni oksijeni iliyoyeyuka kwenye maji ya damu, yaani plazma. Tukivuta hewa ya kawaida hiyo ni kidogo mno, kama mililita 0.3 kwa kila mililita 100 za damu. Mtu akivuta oksijeni tupu ndani ya chemba yenye shinikizo mara 3 ya lile la usawa wa bahari, inapanda hadi takriban mililita 6, kiasi kinachokaribia mahitaji ya mwili uliotulia. Mwaka 1960 daktari wa upasuaji Ite Boerema wa Amsterdam alionyesha jambo hili kwa namna isiyosahaulika: aliwaondolea nguruwe wadogo karibu chembe nyekundu zao zote, akawawekea maji yanayofanana na plazma, na ndani ya chemba waliendelea kuishi.

Kwa pua ya mdogo wako maana yake ni hii. Mahali ambapo jeli imebakisha upenyo mdogo, plazma inapita, na sasa imebeba oksijeni ya maana. Mahali palipoziba kabisa, oksijeni husafiri kutoka kwenye kapilari, yaani mishipa midogo kabisa, za jirani, na kwa shinikizo hilo inafika mbali mara 3 hadi 4 kuliko kawaida. Pia mishipa ya sehemu nzima hubana kidogo, uvimbe ukapungua bila tishu kukosa oksijeni, na chembe nyeupe za damu hazing'ang'anii kwenye kuta za mishipa pale damu inaporudi, jambo ambalo kwa kawaida huongeza majeraha. Baada ya vikao kadhaa, mishipa midogo mipya huanza kuota kwenye kingo za kidonda.

Lakini angalia kisichofanyika. Hakuna shinikizo linaloyeyusha jeli. Kama mshipa haukufunguliwa, akitoka chemba baada ya saa moja na nusu, oksijeni ya ziada inaisha kwenye tishu baada ya muda si mrefu na ngozi inarudi kwenye njaa ileile. Chemba inanunua muda. Muda huo una faida kama kuna mtu anayeutumia kufungua mshipa, au kama mwili unaweza kujitengenezea njia za pembeni kabla ngozi haijafa. Ndiyo maana naithamini zaidi katika hali tatu: fila isiyoyeyushwa na kimeng'enya, kimeng'enya kimeshachomwa kwa wingi na bado kuna eneo linaloyumba, na mgonjwa aliyechelewa, kama huyu, ambaye kingo za kidonda chake bado hazijaamua.

Kuhusu ushahidi, msomaji anastahili kuujua jinsi ulivyo. Kwa matatizo ya fila, uliopo ni taarifa za mgonjwa mmojammoja na za makundi madogo, na karibu wote walipewa pia kimeng'enya, asprini na dawa nyingine. Wengi walipona vizuri, lakini huwezi kusema chemba peke yake ilifanya nini. UHMS, jumuiya ya Marekani ya tiba ya chini ya bahari na shinikizo, ina orodha yake ya magonjwa yanayokubalika kutibiwa kwa chemba, na fila haimo kwa jina. Yamo mambo ya karibu nayo: vipande vya ngozi vilivyopandikizwa vinavyokosa damu, kuziba kwa ateri ya retina, vidonda sugu vya kukosa damu. Madaktari huazima kutoka hapo, nami naona ni kuazima kwa busara, mradi mgonjwa aambiwe hivyo kabla hajalipa.

Hema la saluni ni jambo jingine kabisa. Mahema hayo laini ya zipu hufikia shinikizo la mara 1.3 hivi, sawa na kushuka mita 3 chini ya maji, na mengi hujazwa hewa ya kawaida au hewa iliyoongezwa oksijeni kidogo. Tiba ninayoizungumzia hutumia oksijeni tupu kwa mara 2 hadi 2.5, yaani kina cha mita 10 hadi 15, kwa dakika 90 hivi, kukiwa na vipindi vya kupumzika kwa kuvuta hewa ya kawaida, na siku za mwanzo pengine mara mbili kwa siku. Haiwezekani kwa kitambaa na zipu. Vikao kumi vya hema havitamponya pua, na kila siku atakayokwenda huko ni siku ambayo hakwenda hospitali. Hizo fedha ziwekeni kwa ajili ya kimeng'enya.

Chemba halisi kwa ukanda wetu zilianza kwa ajili ya wapiga mbizi, ndiyo maana Unguja ipo iliyowekwa kwa kazi hiyo. Msipande boti kwa kubahatisha. Daktari wenu ndiye apige simu kwanza, aulize kama inafanya kazi wiki hii, kama wanapokea mgonjwa asiye mpiga mbizi, na kama kuna daktari wakati wa kikao. Na msafiri baada ya kimeng'enya kuchomwa, si kabla.

Mkifanikiwa kupata nafasi, kuna mambo ya pua ambayo mwendeshaji aliyezoea wapiga mbizi anaweza asiyafikirie. Shinikizo linapopanda masikio huziba, na kila anayeingia hufundishwa kubana pua na kupuliza. Mdogo wako asibane pua hata kidogo, ngozi ile haihimili. Ameze mate, apige miayo, azungushe taya, anywe maji kidogo kidogo, na mwendeshaji apandishe polepole. Akisikia maumivu ya sikio aseme mara moja, kwa kuwa sikio kuumia ndilo dhara linalotokea zaidi katika tiba hii.

La pili ni moto. Ndani ya oksijeni tupu kitu kidogo huwaka kwa kasi ya kutisha. Januari 2025 mtoto wa miaka 5 alifariki chemba ilipowaka huko Michigan, Marekani. Krimu aliyopewa, vaselini, mafuta ya nywele, dawa ya kulainisha nywele, manukato, rangi ya kucha, vipodozi, vyote vitolewe. Wigi avue. Kama amesuka na amepaka mafuta kichwani, aseme mapema ili wamwelekeze aoshe. Avae nguo ya pamba watakayompa wao, na simu ibaki nje. Wahudumu wasiouliza hata swali moja kuhusu mafuta mwilini, mchukue mdogo wako muondoke.

Na kabla ya kikao cha kwanza apigwe eksirei ya kifua, hasa kama amewahi kuugua kifua kikuu au ana pumu. Hewa iliyovuja nje ya pafu isipotibiwa kwanza inaweza kuua wakati shinikizo linaposhuka. Waambieni pia kama ana kifafa, ana mimba, au anatumia dawa za kisukari, kwa kuwa sukari hushuka ndani ya chemba.

Umeuliza kuhusu kovu. Sehemu ambayo bado ni zambarau au kijivu laini inaweza kurudi yote. Sehemu iliyokwisha kuwa nyeusi na kavu kama gome imekufa, na itadondoka yenyewe baada ya wiki kadhaa. Mtu yeyote asiikwangue wala kuikata mapema, kwa sababu mpaka kati ya iliyokufa na iliyo hai hujichora taratibu, na anayekata siku ya tano hukata pia ngozi ambayo ingepona. Siku zisizo za chemba kidonda kiwe na unyevu wa vaselini safi, kifunikwe kwa bandeji nyepesi isiyobana. Kikishafunga, kofia na krimu ya kuzuia jua kila siku, maana ngozi yetu hubaki na weusi kwa miezi mingi kila inapojeruhiwa, na jua huuongeza weusi huo. Najua atashawishika kupaka mkorogo ili rangi ilingane. Tafadhali mzuie, ngozi changa ya kovu huungua kwa vitu hivyo.

Kovu huendelea kubadilika kwa mwaka mzima au karibu na hapo. Uamuzi wa kulirekebisha kwa upasuaji ungoje hadi litulie, isipokuwa kama linavuta tundu la pua likaanza kumzuia kupumua; hapo arudi kwa daktari wa upasuaji mapema. Na likibaki shimo dogo, atajitokeza mtu wa kumwambia lijazwe kwa fila. Mishipa ya pua iliyowahi kuziba haiko tena mahali ilipokuwa, na hatari ya kuziba mara ya pili ni kubwa kuliko ya kwanza. Akatae.